Pete ya almasi: duka la mtandaoni au sonara wa Mbeya

Desturi ya kumvisha mchumba pete yenye almasi imeingia katika familia za Mbeya, Iringa na Njombe bila kuondoa zile zilizokuwapo. Barua ya posa bado hupelekwa na mshenga, kishika uchumba bado huambatana nayo, na mahari bado hujadiliwa na wazee wa pande mbili. Pete imeongezwa juu ya gharama hizo, na kwa vijana wengi ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwa uzito wake ambacho watawahi kununua. Kwa hiyo swali la mahali pa kuinunua, kwenye duka la mtandaoni lililoko ng'ambo au kwa sonara wa mjini, linastahili uzito kuliko linaopewa sasa, ambapo upande mmoja husema kwamba mtandaoni kuna nafuu na upande wa pili hujibu kwamba mtandaoni kuna matapeli, na mazungumzo huishia hapo.

Mabishano hayo hayafiki mbali kwa sababu yanaichukulia pete kuwa kitu kimoja, ilhali mnunuzi hununua vitu viwili kwa pamoja. Kuna jiwe, ambalo thamani yake hujulikana kwa vipimo vya maabara na karatasi inayovithibitisha. Kuna pia dhahabu iliyofuliwa na kulishika jiwe hilo, ambayo ubora wake hujulikana kwa mizani, kwa jicho la fundi, na kwa miaka ya kuvaliwa. Maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa, ni kwamba duka la mtandaoni lenye sifa lina nguvu katika jiwe, sonara wa karibu ana nguvu katika pete, na hasara nyingi huanzia pale mnunuzi anapomwamini mmoja wao katika jambo ambalo ni la mwenzake.

Tuanze na jiwe. Tanzania ni nchi ya almasi tangu John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipogundua mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, mwaka 1940, na wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo almasi iliyoko katika duka la Mbeya imetoka nyumbani na kupita mikono michache. Sivyo ilivyo. Almasi za Mwadui kwa sehemu kubwa huuzwa nje zikiwa ghafi, kisha hukatwa na kung'arishwa huko huko. Hata jiwe maarufu la rangi ya waridi ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947, lililokuwa na karati 54.5 likiwa ghafi, lilikatwa Uingereza na kubaki karati 23.6. Sonara wa Uhindini jijini Mbeya au wa katikati ya mji wa Iringa anapoweka almasi iliyokatwa kwenye kabati lake la vioo, kwa kawaida naye ameiagiza au ameinunua kwa aliyeiagiza. Ukaribu wa duka hauleti ukaribu wa jiwe, na bei yake huwa imekwisha kubeba faida ya kila aliyelishika njiani.

Biashara ya almasi mtandaoni imewezekana kwa sababu jiwe hilo lilikuwa limekwisha geuzwa kuwa takwimu kabla ya intaneti kuwafikia wanunuzi. Taasisi ya jemolojia, yaani elimu ya vito, ya Marekani, GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, ndiyo iliyoeneza upimaji wa mambo manne: uzito kwa karati, ambapo karati moja ni gramu 0.2, rangi, kuanzia herufi D ya jiwe lisilo na rangi kabisa hadi Z ya jiwe lenye umanjano, usafi wa ndani, na ubora wa mkato. Blue Nile ya Marekani ilipoanza kuuza almasi mtandaoni mwaka 1999, ilikuwa inauza kitu ambacho mnunuzi angeweza kukilinganisha kwa namba, jiwe kwa jiwe, bila kulishika. Cheti cha GIA kina namba ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki bila malipo kwenye tovuti ya taasisi hiyo, na mara nyingi namba hiyo huwa imechongwa kwa mionzi ya leza kiunoni mwa jiwe, kwenye ukingo wake mwembamba, ikisomeka kwa lenzi yenye nguvu. Huo ndio ushahidi ambao mnunuzi wa Mbeya anaweza kuupata akiwa Mbeya, na ni vigumu kwangu kuona hoja yoyote ya kukubali almasi isiyo nao kwa bei ya almasi iliyo nao.

Hapa ndipo sonara wengi wa mikoani wanapopwaya, na si kwa sababu ya udanganyifu. Kifaa cha kawaida katika duka la kujitahidi ni kalamu ya kupimia almasi, ambayo hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kalamu hiyo huikamata zirkonia, jiwe bandia linalofanana na almasi, mara moja, lakini moisanaiti, jiwe jingine la kufanana nayo, hupitisha joto vizuri kiasi cha kuihadaa, isipokuwa kifaa kiwe na kipimo cha umeme pia. Almasi ya maabara hupita kalamu hiyo bila tatizo lolote, kwa kuwa ni almasi kweli: ni kaboni ile ile, yenye ugumu ule ule wa 10 katika kipimo cha Mohs, ila imekuzwa na binadamu kwa shinikizo na joto kali au kwa gesi yenye kaboni. Kuitofautisha na ya ardhini kunahitaji mashine za maabara. Sonara mwaminifu anaweza kuuza jiwe la maabara akiamini ni la mgodini kwa sababu aliyemuuzia alimwambia hivyo, na mteja akalipa bei ya mgodini.

Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Mwaka 2018 De Beers, kampuni iliyojenga jina lake kwa almasi za ardhini, ilianzisha chapa ya Lightbox na kuuza almasi za maabara kwa dola 800 kwa karati. Bei za mawe hayo sokoni zikaendelea kushuka, na mwaka 2025 kampuni hiyo ikatangaza kuifunga chapa hiyo. Mwaka huo huo GIA iliacha kuyapa mawe ya maabara madaraja kamili ya rangi na usafi kama ya mawe ya ardhini, ikayaweka katika makundi mawili tu ya ubora. Sioni aibu yoyote kwa kijana wa Mbalizi au Makambako kumvisha mchumba wake almasi ya maabara. Ni jiwe zuri na la kudumu. Anachopaswa kukataa ni kuinunua bila kuambiwa, au kuinunua akitarajia kwamba itashika bei.

Nguvu ya duka la mtandaoni, hata hivyo, hupungua mara kifurushi kinapoanza safari. Bei inayoonekana kwenye simu haijajumuisha usafirishaji na bima, ushuru wa forodha, wala kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na ushuru wenyewe. Kuna pia kiwango cha benki cha kubadilishia fedha pale kadi inapotozwa kwa dola. Ahadi ya kurudisha bidhaa ndani ya siku 30, ambayo kwa mnunuzi wa Chicago ni kinga kamili, kwa mnunuzi wa Tukuyu ni safari nyingine ya kifurushi cha thamani kubwa kuvuka mipaka, nyaraka za forodha za kusafirisha nje, na kodi iliyokwisha lipwa ambayo kuidai ni shauri jipya. Mnunuzi asipoweka gharama hizo kwenye hesabu yake tangu mwanzo, nafuu aliyoiona huyeyuka kabla pete haijafika kidoleni. Na ninaposema duka la mtandaoni simaanishi ukurasa wa mtandao wa kijamii unaotaka fedha zitumwe kwenye namba ya simu ndipo pete iletwe kwa basi. Huko hakuna cheti wala anwani, na mnunuzi hapati kinga ya mtandao wala ya duka.

Sasa pete yenyewe. Kidole si kitu kisichobadilika, na katika nyanda hizi jambo hilo ni la kuzingatiwa kuliko mahali pengi. Baridi ya Juni na Julai ya Mbeya, Makete au Njombe huvifanya vidole visinyae. Pete iliyopimwa asubuhi ya baridi huko inaweza kubana ikivaliwa kwenye joto la Kyela mwezi wa Novemba. Sonara humpima mtu kwa pete za vipimo, humrudia jioni akiona shaka, na pete ikikataa huipanua au kuipunguza bila kuipandisha ndege. Humuuliza pia anayeivaa anafanya kazi gani. Muuguzi anayevaa na kuvua glavu siku nzima, mwalimu anayeandika kwa chaki, mama anayepalilia viazi Uyole au Wanging'ombe: hawa hawahitaji jiwe lililonyanyuliwa juu kwa vikucha virefu vya dhahabu vinavyolishika, kama linavyopendeza pichani, bali jiwe lililolazwa chini na kuzungushiwa ukingo wa dhahabu. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini pigo kwenye ukingo linaweza kuimega, na vikucha hulegea kwa matumizi ya kawaida. Pete ya namna hii inapaswa kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka na mtu mwenye lenzi na koleo, na mtu huyo lazima awe anafikika. Hoja hii pekee ingetosha kunifanya nimwelekeze mtu kwa sonara.

Upande wa sonara nao una madai yake ya kuthibitishwa. Kwa dhahabu, karati si uzito kama kwa jiwe bali ni kiasi cha dhahabu halisi: dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu halisi na hupigwa muhuri wa 750. Ya karati 14 hupigwa 585. Ya karati 9, 375. Muhuri ni maneno ya fundi, kwa hiyo risiti inapaswa kutaja karati na uzito kwa gramu ili maneno hayo yawe na mwenyewe. Wengine, kwa kuwa Chunya iko jirani na dhahabu imechimbwa huko tangu miaka ya 1920, hufikiri kununua dhahabu kwa mchimbaji na kumpelekea sonara. Njia hiyo si halali: biashara ya madini ghafi inahitaji leseni, na tangu mwaka 2019 Chunya ina soko rasmi la madini kwa ajili hiyo. Sonara ndiye wa kujibu dhahabu yake imetoka wapi, na mteja ana haki ya kumuuliza.

Kuhusu kuuza tena, hesabu ni fupi. Dhahabu hununuliwa kwa gramu na kwa karati yake katika mji wowote, kwa bei inayofuata soko la dunia. Almasi ndogo iliyokwisha kuvaliwa hupata mnunuzi kwa shida, na bei yake huwa chini sana ya ile ya dukani. Familia inayoitazama pete kama akiba ya siku ya shida, na zipo nyingi, iongeze gramu za dhahabu na kupunguza ukubwa wa jiwe. Au iangalie yakuti samawi ya Tunduru, ambayo imekuwa ikichimbwa Ruvuma tangu miaka ya 1990: ina ugumu wa 9, inastahimili kuvaliwa kila siku kuliko tanzanaiti yenye ugumu wa kati ya 6 na 7, na inaweza kununuliwa ikiwa imekatwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni hapa hapa nchini.

Kwa anayebaki na almasi, njia ninayoiona kuwa bora ni kuagiza jiwe peke yake likiwa na cheti, kulitolea ushuru na kodi zake, na kumpa sonara kazi ya pete. Njia hii ina hatari moja ya kweli, nayo ni pale jiwe linapopandishwa kwenye pete. Masonara wengi wa mikoani wamezoea kufua pete za ndoa, hereni na mikufu. Wachache hupandisha almasi mara kwa mara, na duka la ng'ambo halitafidia jiwe lililomegeka mikononi mwa fundi mwingine. Kabla ya kumkabidhi, aonyeshe pete zenye mawe alizozifanya mwenyewe, na makubaliano yaandikwe: namba ya cheti, uzito wa jiwe, karati ya dhahabu, na nani atalipa likivunjika. Vikucha vipangwe visiifunike namba iliyochongwa kiunoni, ili isomwe kwa lenzi siku ya kuchukua pete, kabla ya kumaliza malipo. Asiyepata fundi wa namna hiyo Mbeya au Iringa apeleke kazi Dar es Salaam au Arusha, ambako mafundi wanaopandisha mawe ni wengi zaidi, na nauli hiyo iingizwe kwenye hesabu ya pete tangu mwanzo.