.22-250 au 6mm BR: mtutu wa masafa marefu uchongwe kwa risasi ipi?

Mtu akiagiza bunduki ya kuchongewa kwa ajili ya wanyama waharibifu wadogo kwenye nyanda za Marekani, hasa wale kindi wa mashimoni (prairie dog) wa South Dakota na Wyoming, swali la kwanza la fundi ni risasi gani. Jibu linalotoka haraka mdomoni ni .22-250 Remington. Akitokea wa kutaja 6mm BR, anaambiwa hiyo ni risasi ya mashindano ya kutoboa karatasi, nzito na ya polepole, porini haina kazi. Maneno hayo yamerudiwa mpaka yamekuwa kama sheria. Kwangu mimi yanapima kitu ambacho si tatizo la masafa marefu.

Nianze kwa kuipa .22-250 haki yake, kwa sababu sifa zake hazikubuniwa. Ilizaliwa kwenye karakana za mafundi miaka ya 1930, ganda la .250 Savage likabanwa shingo lipokee kichwa, ile sehemu ya risasi inayoruka, cha kaliba (kipenyo) ya .22, na ikaishi hivyo hivyo, risasi ya mafundi, hadi kampuni ya Remington walipoipa jina lao mwaka 1965. Kichwa cha greni 55, gramu tatu na nusu hivi, kinatoka mtutuni kwa futi 3,680 kwa sekunde. Ndani ya yadi 250 mpigaji hana hesabu ya kufanya: aweke alama ya darubini juu ya mnyama, afyatue. Koyote, mbwa mwitu mdogo wa Marekani, anayekatiza mbele yako hakupi nafasi ya kupima umbali, na hapo njia iliyonyooka ni mali kabisa. Risasi zake za kiwandani hazina taabu kupatikana, ilhali mwenye 6mm BR mara nyingi atajaza za kwake mwenyewe. Tena ganda la 6mm BR ni fupi na nene, hupenda kukwama likipanda kutoka kwenye magazini, ndiyo maana wengi huliingiza moja moja kwa mkono.

Haya yote nayakubali. Ila bunduki tunayoizungumzia haichongwi kwa yadi 250. Inachongwa kwa 400, 500 na zaidi, na huko risasi huvutwa nje ya njia yake na vitu viwili: mvuto wa ardhi na upepo. Mvuto haubadiliki asubuhi wala jioni. Ukishapima umbali kwa leza, kushuka kwa risasi ni namba iliyoandikwa kwenye kadi. Unazungusha kitasa cha darubini, umemaliza. Risasi iliyonyooka sana inakutibia ugonjwa ambao dawa yake unayo mfukoni. Upepo hauna kadi. Lala nyuma ya bunduki saa nne asubuhi uangalie: nyasi zilizo karibu na mdomo wa mtutu zimetulia, za katikati ya uwanda zimelala upande wa kulia, na vumbi la kwenye kichuguu alikosimama kindi linakwenda upande mwingine kabisa. Risasi yako itapita kwenye pepo zote tatu, nawe utakisia namba moja.

Sasa tuchukue yadi 400 na upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa. Kile kichwa cha greni 55 kitasukumwa takribani sentimita 44. Kichwa kirefu cha greni 105 kutoka 6mm BR, kilichoondoka kwa futi 2,850 tu, kitasukumwa takribani 26. Kindi akisimama wima upana wake ni kama sentimita 10, kwa hiyo kutoka katikati yake hadi ukingoni una sentimita tano za kuchezea. Kosea upepo kwa maili moja na nusu, kosa ambalo hata mpigaji mzoefu hulifanya kila siku. Greni 55 inahama zaidi ya sentimita sita na inapita kando. Greni 105 inahama chini ya sentimita nne na inagonga. Kosa lilikuwa moja, la mtu mmoja. Risasi moja imelisamehe, nyingine imekataa.

Watu wengi hapa huuliza: inawezekanaje, wakati ya polepole ndiyo inayokaa hewani muda mrefu zaidi? Ni kweli inakaa zaidi. Greni 105 inafika yadi 400 kwa sekunde 0.48 hivi, na greni 55 kwa 0.42. Lakini upepo hauisukumi risasi kwa kadiri ya muda iliokaa hewani. Huisukuma kwa kadiri ya muda ilioupoteza kwa kukabwa na hewa. Kama hewa isingekuwepo, greni 55 ingefika kwa sekunde 0.33, maana yake imepoteza karibu 0.10. Greni 105 ingefika kwa 0.42, kwa hiyo imepoteza chini ya 0.06. Kichwa kifupi chepesi kinaondoka kwa mbwembwe na kuitapanya kasi yake njiani. Kirefu chenye umbo la kupenya kinaitunza. Anayesoma kasi ya mdomoni peke yake anasoma mshahara bila kutazama matumizi.

Mtetezi makini wa .22-250 ana jibu, na ni jibu zuri: agiza mtutu wenye msokoto wa haraka, mistari ya ndani izunguke mara moja kwa kila inchi 8, kisha tumia vichwa vya greni 75 kwa futi 3,200. Ni kweli. Nikipiga hesabu ile ile napata sentimita 25, sawa na 6mm BR kwa vitendo. Kwa mitutu ya kiwandani ya miaka mingi, ile ya mzunguko mmoja kwa inchi 14, jambo hilo haliwezekani kabisa: kichwa kirefu hakipati mzunguko wa kukishikilia, kinaanza kupepesuka, na kwenye karatasi unakuta tundu refu la ubavu wa risasi mahali ulipotarajia duara safi. Mwaka 1955 somo hilo liliigharimu Remington. Walitoa .244 kwa msokoto wa inchi 12, wakidhani wanunuzi watataka vichwa vyepesi vya wanyama wadogo, wapinzani wao Winchester wakatoa .243 mwaka huo huo kwa inchi 10, ikashika vichwa vya greni 100 vya kuwindia paa. .243 ikatawala soko. Remington waliirudisha ya kwao mwaka 1963 kwa jina la 6mm Remington na msokoto wa haraka zaidi, lakini wateja walikwishaondoka. Ganda halikuwa na kasoro yoyote. Mistari ya mtutu ndiyo iliyoiangusha.

Basi .22-250 yenye msokoto wa haraka na 6mm BR zinatoshana kwenye upepo. Kinachobaki ni bei ya usawa huo, na bei hiyo inalipwa na koo la mtutu, pale mistari inapoanzia. .22-250 inachoma kama greni 36 za baruti kupitia tundu dogo. 6mm BR inachoma kama 30 kupitia tundu pana zaidi. Ukigawa baruti kwa eneo la tundu, .22-250 inabebesha koo lake mzigo mkubwa kwa takribani asilimia 40. Ndiyo sababu wapigaji wengi huhesabu risasi kama 1,500 za ubora kwa .22-250, na 2,500 au zaidi kwa 6mm BR. Kwa mwindaji wa paa anayefyatua mara chache kwa mwaka hilo halina uzito. Kwenye makazi ya kindi mtu anafyatua 200 au 300 kwa siku moja, mtutu ukiwa moto kiasi kwamba huwezi kuushika. Piga hesabu ni siku ngapi.

Kuna hoja moja dhidi ya msimamo wangu ambayo siwezi kuipita haraka. Vichwa vyepesi vya .22 vina koti jembamba la nje, vikigonga udongo vinasambaratika. Vichwa vya mashindano vya greni 105 havikutengenezwa kupasuka hivyo, na kimoja kinaweza kudunda kwenye ardhi ngumu kikaendelea na safari. Palipo na ng'ombe, barabara au nyumba nyuma ya uwanda, mimi nisingevitumia, hata kama upepo unavipenda. 6mm BR inapokea pia vichwa vya greni 87 vyenye ncha ya plastiki vinavyopasuka vizuri. Kwa futi 3,100 vinasukumwa kama sentimita 31. Unaongeza sentimita tano kwa kupata usalama, na bado umeiacha mbali ile greni 55.

Kwa hiyo mwenye koyote kama lengo kuu, au mwenye kupiga ndani ya yadi 250, achukue .22-250 bila wasiwasi. Mwenye kutaka mtutu wa yadi 400 kwenda mbele namshauri 6mm BR, na aanze kuchagua kichwa kabla ya kitu kingine. Akishapata kichwa, achague msokoto wa kukishika. Inchi 8 inatosha kwa vyote viwili nilivyovitaja. Kisha ajaze ganda moja bila baruti wala kiwashio, akikalishe kichwa kwa urefu anaoutaka, alifunge kwenye kitambaa na kulipeleka kwa fundi pamoja na oda, ili koo la chemba, chumba cha mtutu kinachopokea risasi, likatwe kwa kipimo cha risasi ile pale mezani.