Watu wa Gatumba wahamie wapi?

Kila mvua za Aprili zikikolea, kauli ileile huzunguka mjini Bujumbura, Burundi: watu wa Gatumba hawasikii, wameambiwa wahame na bado wapo. Inaniuma, kwa sababu wanaoisema hawaulizi watu hao wangehamia wapi.

Gatumba iko magharibi mwa jiji, kwenye barabara ya kwenda mpakani na Uvira, mji wa Kongo. Mto Rusizi uko jirani, Ziwa Tanganyika liko jirani, na ardhi yote ni tambarare. Aprili 2020 Rusizi ulifurika, maelfu ya watu wakatoka na walichoweza kubeba, wengi wakaishia kwenye mahema. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yakaingia tena majumbani.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Maji yake mengi zaidi huondoka kwa mvuke. Ndiyo maana likishapanda halishuki upesi, na Rusizi ukifurika wakati huo maji hayana pa kuteremkia. Yanatuama ndani ya nyumba za matofali mabichi hadi kuta zinalainika na kuanguka. Viboko wa hifadhi ya Rusizi nao wanasogea karibu na watu. Nani anapenda kulea watoto hapo?

Lakini riziki iko hapo. Kuna mama anayevuka mpaka asubuhi kuuza bidhaa zake Uvira na jioni yuko kwake. Kuna wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, kuna wanaolima mpunga na mahindi. Mpeleke mtu huyo kwenye hema mbali na soko lake, atarudi matopeni, nami simlaumu hata kidogo.

Sipingi kuhama. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, na ni sheria nzuri. Ninachodai ni kwamba kiwanja kitangulie amri: kiwe na hati, kiwe mahali palipoinuka, pawe na maji na shule, na nauli ya kufika mpakani iwe ile ambayo mchuuzi anaimudu. Wapangaji nao waandikwe, maana mara nyingi wanasahauliwa. Na viwanja vigawiwe kiangazi kinapoanza, mwezi Juni, mtu apate muda wa kufyatua matofali, kuyakausha na kuezeka kabla mvua hazijarudi.