Tukilibana duka la dawa, tusiisahau wodi

Jioni moja Ngamiani, hapa Tanga, mama mmoja mwenye kikohozi aliweka noti ya elfu moja kwenye kaunta ya duka la dawa akaomba "rangi mbili". Muuzaji alikata vidonge sita vya amoksisilini, antibayotiki ya kawaida, akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika 1x3. Dawa ya siku mbili, kwa kuwa hela ndiyo hiyo.

Wanaotaka antibayotiki zisiuzwe kabisa bila cheti cha daktari wana hoja nzito. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba huenda siku moja mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, ameze pungufu, na vijidudu vyake viizoee. Ndicho nilichokiona kwenye ile kaunta. Bakteria dhaifu wanakufa, wanaohimili wanabaki na uwanja mtupu, kisha wanapeana vinasaba vya usugu, yaani vya kuihimili dawa, hata na bakteria wa jamii nyingine. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 maambukizi sugu yaliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Lakini umwambie nini kibarua ambaye foleni ya hospitali inamla siku nzima ya kazi? Maduka ya dawa muhimu, yale madogo yenye kibali yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki kwa sababu wengi wako mbali na famasi. Na nimonia haimsubiri mtoto.

Kinachoniuma ni kwamba mjadala wote unaishia kaunta. Usugu unakomaa wodini, penye vidonda vibichi, mipira ya mkojo na mikono inayotoka kitanda hiki kwenda kile. Mgonjwa anaingia na homa kali, anachomwa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, kabla kijidudu hakijajulikana. Daktari hakosei, damu ikishaingia vijidudu, saa chache ni nyingi. Kosa linakuja baadaye, pale sampuli yake isipooteshwa maabara ili kijidudu kijulikane. Ikioteshwa, maabara huweka vipande vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani yenye bakteria. Dawa inayofaa hujizungushia duara tupu. Isiyofaa, bakteria huota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Ni jibu la siku mbili tatu, na bila hilo sindano inaendelea kwa kubahatisha.

Kwa hiyo fedha za kwanza ningezipeleka kwenye sahani hizo, na kwenye maji na sabuni kila wodi. Dawa za tegemeo la mwisho, zinazobaki nyingine zikishindwa, zisionekane dukani hata leo. Kwa amoksisilini ningesubiri kidogo kabla ya kuizuia. Kikohozi kingi ni cha virusi, na antibayotiki haziui virusi. Huenda yule mama hakuhitaji vidonge sita wala ishirini na kimoja vya wiki nzima. Alihitaji mtu wa kumpima kifua, jioni ile, karibu na kwake.