Dawa ya sonona kwa miguu inayowaka moto

Mama yangu mdogo ana kisukari, na usiku hastahimili hata shuka kumgusa vidole vya miguu. Anasema linamchoma kama sindano zilizotoka motoni. Siku alipoandikiwa amitriptilini, alikunjua ile karatasi ya ndani ya boksi, akasoma neno "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, akaikunja tena taratibu. Jioni ndipo akaniuliza: "Kwa hiyo wameona nimerukwa na akili?"

Swali lile linaniuma hadi leo, maana hakuna aliyemweleza, na maelezo yenyewe si marefu. Kuna njia za neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazoshuka kutoka shina la ubongo hadi uti wa mgongo, na mojawapo ya kazi zake ni kuyafungia breki maumivu kabla hayajapanda kichwani. Njia hizo hutumia serotonini na noradrenalini, kemikali zilezile zinazohusika na furaha na huzuni. Amitriptilini huzifanya zidumu zaidi kati ya seli za neva, na breki hupata nguvu. Dozi ya maumivu huanza chini, mara nyingi miligramu 10 au 25 usiku, na hata asiye na sonona kabisa anaweza kupata nafuu. Duloksetini, dawa nyingine ya sonona, nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa magonjwa yote mawili: sonona, na maumivu ya neva yanayoletwa na kisukari.

Lakini mama mdogo alikuwa na huzuni pia, nami sitaki kulificha hilo. Alikuwa ameacha kupokea simu. Watu wakasema ni kukata tamaa tu, ajikaze. Hapo ndipo ninapobisha. Neva ikijeruhiwa, seli za kinga ndani ya uti wa mgongo huamka na kumwaga kemikali za uvimbe, na msukosuko huo unaweza kufika hadi sehemu za ubongo zinazobeba hisia. Katika majaribio mengi, panya aliyejeruhiwa neva ya mguu huanza, baada ya wiki kadhaa, kuyapuuza maji ya sukari aliyokuwa akiyakimbilia, dalili kwamba hafurahii tena alichokipenda. Panya yule hajui gharama za matibabu wala hawazi kesho itakuwaje. Usingizi unaokatika kila usiku nao huongeza maumivu, na maumivu huukata tena.

Kwa hiyo ninaowaomba ni wanaoandika dawa. Semeni sentensi moja tu: "Hii inatibu neva zako, hatujasema una wazimu." Kisha muulizeni mgonjwa analalaje, na kama bado kuna kitu kinachomfurahisha. Akisema hakuna, hiyo nayo itibiwe, isisubiri miguu ipone kwanza.

Boksi lile lilikaa juu ya kabati wiki tatu kabla mama mdogo hajameza kidonge cha kwanza. Shuka bado linamsumbua, ila siku hizi analivuta hadi kwenye vifundo.