Roboti ije tu, ila ifundishwe na anayeujua moto

Mi nachomelea mageti na grili hapa Ngamiani mwaka wa 14 sasa, na jioni kijiweni hakosekani wa kuniuliza "fundi, roboti za kuchomelea zinakuja, mtakula wapi?" Basi leo niseme ninavyoona maana hili linanigusa kweli, na mfano wangu ni tangi la transfoma ya umeme.

Ile transfoma mnayoiona juu ya nguzo, kwa nje ni tangi la chuma lenye mapezi pembeni, ndani koili za waya zimezama kwenye mafuta. Mafuta yale yanapooza, na pia yanazuia umeme usiruke pasipotakiwa. Mapezi ni bati jembamba, mara nyingi halifiki hata milimita 2, na kila pezi lina mishono yake, yaani pale palipounganishwa kwa kuchomelea, sasa hesabu mwenyewe mishono mingapi kwenye tangi moja, halafu katundu kamoja tu kama ncha ya sindano kanatosha mafuta yaanze kuvuja, yakishuka sana joto linapanda, unyevu unaingia, koili zinaungua na mtaa mzima giza.

Mtaani kwetu ilikuwepo moja hivyo. Nikasimama chini nikaitazama, mafuta yameteremka yakashika vumbi, ukifuata ule mstari mweusi kwenda juu unaishia kwenye kona, pale pezi linapokutana na tangi. Nikajua palepale. Kwenye kona ndo mtu anakata moto wa kuchomelea anageuka anawasha tena, na kama ni saa nane mchana na hili joto letu la Tanga, jasho liko ndani ya kioo cha kukinga macho, mkono umechoka, we acha tu.

Ndo maana kwenye matangi nasema roboti inafaa, tena sana. Mkono wa chuma una viungo 6, kasi ni ileile na waya wa kuchomelea uko umbali uleule tangu pezi la kwanza mpaka la mwisho. Na wala sio kitu cha juzi, General Motors ya Marekani iliweka roboti iitwayo Unimate kiwandani New Jersey mwaka 1961, ingawa ile ilianza kwa kunyanyua vyuma vya moto.

Ila roboti ya kawaida inapita ilipofundishwa kupita. Bati likikatwa vibaya pakabaki uwazi, yenyewe inaendelea tu inatoboa, zinazofuata mshono zenyewe zipo lakini bei yake ni nyingine. Na anayeifundisha ni mtu, anashika rimoti anaupeleka mkono nukta kwa nukta, anapanga volti, kasi ya waya, mlalo wa tochi ya kuchomelea. Sasa mtu asiyejua sauti ya moto mzuri, ule unaokaanga kama samaki, atapanga nini? Hata tangi likiisha linajazwa hewa, mishono inapakwa povu la sabuni, panapotoa mapovu anaitwa fundi aparudie kwa mkono.

Umeme wa Hale na Pangani unazalishwa mkoani kwetu, bandari tunayo, Arusha wanatengeneza transfoma tangu zamani, naona na sisi tunaweza kushona matangi hapa. Vyuo vya ufundi vya VETA viwape vijana moto wa mkono kwanza mpaka uwakae, halafu ndo rimoti. Pale kwangu kuna kijana wa miaka 19, anazunguka kona nzima bila kukata moto, ukiligusa lile geti huoni alipoanzia. Huyo mi ningempa roboti kesho asubuhi.