Vile nilisalimia shimo Ngong Road

Watu wa baiskeli Nairobi hawasalimiani ovyo ovyo, wacha mtu asikudanganye. Ukiwa kwa matatu unaweza kaa bega kwa bega na mtu kutoka tao mpaka stage ya mwisho bila kusema hata neno na hakuna mtu ataona ni ajabu, lakini ukinunua baiskeli kitu fulani kinakuingia, unaanza kuona kila mtu wa magurudumu mawili ni ndugu yako wa toka nitoke, si mnakula moshi wa basi moja, si mnasukumwa kwa mtaro na nduthi moja, basi unataka tu uinue mkono useme niaje. Shida ni kwamba kila kabila la baiskeli lina salamu yake na lina watu wake wa kusalimia, na mimi nilikuwa sina kabila.

Niko na baiski ya gia, mtumba ya Uingereza, naendesha nikiwa na jinzi, mguu mmoja wa suruali umeingizwa ndani ya soksi ndio usiliwe na cheni, begi mgongoni na mkebe wa lanchi, halafu juu ya hayo yote niko na helmeti juu mama watoto alisema bila helmeti hakuna baiskeli. Hiyo helmeti ndiyo iliniharibia.

Mi hutoka upande wa Riruta nashika Ngong Road naenda kazi Karen. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu hiyo barabara ni ya watu wa Black Mamba, wale wazee wa kukata nyasi na masoja wa kutoka Kawangware na Kibera, mtu amekaa wima kama chifu, baiskeli ya chuma tupu, breki za fimbo, gia hakuna, na keria inaweza kubeba gunia la viazi na mwenye viazi. Hawa wanasalimiana vizuri sana. Unasikia kengele, ngring, halafu "mzee wa kazi!", mwingine anajibu "tuko!", na wanaweza enda sambamba kutoka Dagoretti Corner mpaka Racecourse wakiongea mambo ya shule za watoto huku matatu inawapigia honi hapo nyuma na hawajali. Sasa mimi nikifika na gia zangu niseme "mzee wa kazi!", mtu anaangalia hiyo helmeti, anasonga kando kabisa, anasema "pita mdosi." Mdosi! Na mimi mkebe wangu una githeri ya jana.

Kuna wale vijana wa kushika lori hapo kwa mlima, hao salamu yao ni mluzi na unausikia wakishakupita tayari, na hata ukitaka kujibu utajibu nini, mtu ameshika lori na mkono mmoja. Wale wa kupeleka chakula na yale mabegi makubwa ya mraba hao macho yako kwa simu, usiwasumbue. Na ile njia ya baiskeli walituwekea wakati wa kupanua barabara siwezi hata sema nilikutana na mwenda baiskeli pale, kuna viatu vya mtumba vimepangwa, kuna mahindi choma, kuna Probox imeegeshwa, hao wote nimewasalimia na wote wamejibu.

Waliobaki ni wale wa nguo za kubana.

Hawa mnawajua. Wikendi asubuhi wanatoka wengi kwa laini moja, miwani ya rangi ya petroli, soksi nyeupe mpaka katikati ya muundi, baiskeli nyepesi unainua na kidole. Kila mmoja anajiona Chris Froome, yule bingwa wa mbio za baiskeli, na si makosa yake sana, juu Froome mwenyewe alizaliwa hapa hapa Nairobi 1985 na akiwa kijana alikuwa anakanyaga na kina David Kinjah, mwalimu wake wa baiskeli, huko Kikuyu, halafu akaenda kushinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Sasa mtu akiwa na hiyo historia kichwani unadhani atamsalimia jamaa wa jinzi?

Lakini mi nikaamua hawa lazima watanisalimia. Asubuhi moja nikapata mmoja amebaki peke yake hapo karibu na Racecourse, nikajibanza nyuma yake, raha sana juu yeye anakula upepo mi nateleza tu. Baada ya muda nikaona anatikisa kiwiko cha kulia. Hivi, tik. Nikasema aha, kumbe hii ndiyo salamu yao. Nami nikatikisa changu. Akageuka kidogo, akatikisa tena kwa nguvu, nami nikatikisa kwa nguvu, akatikisa viwili, nikajibu viwili, ilikuwa salamu ndefu na ya heshima mpaka nikaguswa moyo. Halafu akageuza uso upande wangu, nikajua sasa tunaongea, nikafungua mdomo niseme sasa boss, akaziba tundu moja ya pua na kidole akapuliza ile ingine. Nisiwaeleze zaidi. Ujue tu nilikuwa nimefungua mdomo.

Basi ile Jumapili. Nilikuwa naenda kwa dada yangu Ngong, begi lina maparachichi yameiva vizuri ya kupelekea watoto. Nikishapita Karen nikapata kundi zima la nguo za kubana limepunguza mwendo hapo kwa matuta, nikajishikiza mkiani. Tukaenda. Manze ile kitu ni tamu, unaskia tu cheni zinaimba, hakuna mtu anaongea, na mimi niko ndani, helmeti ni helmeti, ukiniangalia kutoka juu huwezi tofautisha.

Sasa aliyekuwa mbele yangu, jamaa mrefu wa jezi ya manjano, akashusha mkono wa kushoto chini kando ya paja, akanyoosha kidole kimoja, akakitingisha. Mara mbili. Bila hata kugeuka! Nikafurahi hiyo furaha ya mtu ameitwa jina lake kwa harusi. Kumbe ananijua niko hapa nyuma. Kumbe ile ya kiwiko ilikuwa ya yule mmoja, hawa ni wastaarabu. Nami mara moja nikatoa mkono wa kushoto nikainua juu kabisa, vidole vitano, nikasema kwa sauti "POA SANA BOSS!"

Shimo lilikuwa la ukubwa wa karai.

Sasa sikilizeni hesabu ya breki, hii ni ya maana. Baiskeli yangu breki ya nyuma iko mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa hewani unasalimia. Mkono wa kulia ndio wenye breki ya mbele. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, mkono wa kulia ukaogopa ukafinya vile mkono hufanya, gurudumu likasimama, mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani nikiwa bado nimeinua mkono, na nina hakika kuna mtu alikuwa kwa matatu akasema huyu jamaa anaaga. Nikatua na mgongo ndani ya mtaro, mtaro mkavu Mungu ni mwema, na nikiwa nimelala pale nikahisi kitu laini, baridi, kinateremka taratibu kiunoni. Nikajua ni figo.

Kundi likaenda. Wanaenda kasi hao, mpaka wasikie nyuma kumetokea nini wako mbali. Aliyesimama ni mzee wa Black Mamba aliyekuwa anatoka upande wa Bulbul, trei tano za mayai kwa keria zimefungwa na blada. Akashuka polepole, akaweka baiskeli kwa stendi, akajaribu kama imekaa, akavua kofia, akaja akasimama juu ya mtaro akaniangalia.

"Kijana wangu, habari ya asubuhi?"

"Mzuri mzee."

"Umeamkaje?"

"Nimeanguka mzee."

"Hiyo naiona. Lakini umeamka salama?"

"Niliamka salama."

"Watu wa nyumbani wako aje?"

Nikamwambia wako salama, mama yuko salama, mvua imenyesha kiasi, na wakati huo wote niko chali na figo inateremka. Salamu ilipoisha ndio akanipa mkono, akanivuta, akaangalia mgongo wangu, akachota kidogo na kidole akanusa. "Hii ni parachichi," akasema, na sijawahi furahia habari ya parachichi vile.

Akanieleza yeye ni wa Busia na hiyo mamba alianzia nayo kazi ya kubeba watu hapo mpakani, kutoka upande wa Kenya kwenda upande wa Uganda, wakati boda boda ilikuwa baiskeli kabla hizi nduthi zichukue jina. Na mteja asiyesalimia, akasema, alikuwa anamwambia keria ni mbovu.

Hapo tukaona jezi ya manjano inarudi, na wenzake nyuma. Jamaa akafika akiwa na wasiwasi kweli, akafunga breki kando yetu, akaanza "boss uko sa..." na hapo akanyamaza, juu viatu vyao hawa vina chuma chini kinachong'ata pedali, na kuvitoa lazima usokote kisigino nje, na yeye alikuwa amesahau kusokota. Sijawahi ona mtu anaanguka polepole hivyo. Tulikuwa na nafasi ya kuangaliana. Aliinama kidogo, akaangalia chini, akaangalia mzee, akaangalia mayai, miguu yote miwili imeshikwa kwa pedali, na akaendelea kuinama bila haraka mpaka akalalia keria.

Ile sauti ya trei tano siwezi iandika.

Dada mmoja wa hilo kundi akaja akaniuliza kwa upole, "Si alikuonyesha shimo?" Nikamuuliza shimo gani alinionyesha, alinisalimia. Akaniangalia muda mrefu. Ndio akaanza kunifunza: kidole chini ni shimo, mkono nyuma ya mgongo ni kuna kitu kimesimama mbele songa kando, ngumi juu ni simama, na kiwiko kikitikiswa ni nimechoka kukata upepo, pita mbele ushike zamu yako. Nikakumbuka yule wa Racecourse na vile viwiko viwili. Lakini mi hata leo nasema wazi, mtu mzima akinyoosha kidole bila kufungua mdomo hajaonyesha chochote, mdomo uko bure, sema "shimo", ni silabi mbili.

Kule kwa mayai, jezi ya manjano bado iko chini, mguu mmoja umetoka, mwingine bado, kiini kimeingia kwa miwani. Akaanza, "Mzee pole sana, ni pesa ngapi nikutumie?"

Mzee akasema, "Hujanisalimia."

"Eeh?"

"Umefika, umelala kwa mayai yangu, sasa unauliza pesa. Habari ya asubuhi?"

"Mzuri... shikamoo... habari ya asubuhi mzee," jamaa akasema akiwa bado amelala.

Ikaenda yote. Umeamkaje, watu wa nyumbani, na huku mayai yanatiririka kwa lami na mbwa mmoja amefika kutoka sijui wapi na yeye hakusalimia mtu. Tukahesabu yaliyopona, hata trei moja haikujaa, jamaa akalipa zote tano bila kubishana, akatuma Mpesa. Mzee akatoa simu, akaiweka mbali na macho, akasoma jina. Akasoma tena. Akaangalia jamaa.

"Wewe ni wa Butula ama Matayos?"

Weh. Jamaa ni wa Butula. Butula wapi, kwa nani, yule mwenye posho mill? Kumbe shemeji ya mzee ameolewa huko. Salamu zikaanza upya kutoka mwanzo, na hizi sasa zilikuwa zile zenyewe, za nyanya na ng'ombe na nani alizikwa lini, kundi lote likaitwa likapeana mkono mmoja mmoja, watu wa glavu wakavua glavu, na kila mkono ulikuwa na yai. Mimi goti linavuja damu hapo kando na hakuna mtu aliuliza tena.

Nikavuta baiskeli yangu, gurudumu la mbele limekuwa namba nane, nikaisukuma mpaka kwa fundi wa kando ya barabara hapo Bulbul. Nikamtupia gurudumu nikasema nyoosha hii. Fundi hakushika.

"Kwanza habari yako."

Nikasema mzuri, nikaamka salama, nyumbani wazima, yote. Akatabasamu, akazungusha gurudumu, akagusa spoki, akasema elfu moja mia tano. Nikamuuliza elfu moja mia tano ya kunyoosha rimu tu, na huyo mwenye mamba aliyetoka hapa saa hii si nimekusikia ukimwambia mia mbili? Hakunijibu. Aliangalia tu helmeti.