Vidonge kwenye droo, chai mezani

Jumamosi iliyopita nilimtembelea wifi yangu kule Kayole. Ana mimba ya miezi mitano. Alinipakulia ugali, managu na omena wa nyanya, nikasema moyoni mtoto huyu ana bahati. Kisha ikaja chupa ya chai, nyeusi ti kwa majani, tukaiteremshia chakula. Alipofungua droo kutafuta kijiko nikaona vidonge vya kliniki, pakiti mbili hazijaguswa. Kando yake, kimfuko cha odowa, yale mawe laini ya kutafuna.

"Wifi, hivi vinanichafua roho," akaniambia. "Nilipomeza vya kwanza, choo kikawa cheusi."

Simlaumu hata kidogo. Alipewa vidonge, akaambiwa ameze kimoja kila siku, akaitwa wa nyuma yake. Hakuna aliyemweleza kwamba choo cheusi ni kawaida, wala kwamba akivimeza usiku baada ya kula, kichefuchefu hupungua. Naamini hapo ndipo tunapowaangusha wajawazito wetu. Ushauri unaishia kwenye kadi ya kliniki, haufiki jikoni.

Kidonge kile kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, aina ya vitamini B. Chuma ndicho kinachotengeneza damu ya kumpelekea mtoto oksijeni, na ubongo wenyewe unakihitaji ili ukue. Sasa chai ikinywewa pamoja na chakula hukishika chuma cha mboga na maharagwe, kikapita tumboni bure. Sisemi mtu aache chai, maana Nairobi hiyo asubuhi itaanzaje? Aisubirishe saa moja au mbili, na mezani aweke chungwa, ambalo husaidia mwili kukipokea chuma. Odowa nayo hukizuia, tena inaweza kuwa na madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto.

Foliki ina haraka zaidi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga, kwa msaada wa foliki, siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati wengi wetu bado tunadhani siku zimechelewa tu. Ndiyo maana anayepanga kuzaa anapaswa kuanza vidonge kabla. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe foliki na chuma, lakini wa kusiagisha mtaani kwa kawaida hauna. Anayeutumia azidishe ndengu, kunde na mboga za kienyeji, na asizichemshe hadi zilegee kisha akamwaga maji, kwa sababu foliki huenda na maji hayo.

Linaloniuma ni kuona wasichana wenye mishahara midogo wakijinyima ili wanunue kopo la maziwa ya wajawazito, ilhali omena wa kwa mama mboga wana protini, chuma na mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo. Yai lililoiva vizuri lina kolini, kirutubisho kingine cha ubongo. Chumvi yenye madini joto ipo dukani. Pesa za kopo zingenunua hivi vyote, na mama angeshiba.

Haya yote nilimwambia kakangu pia, si mkewe peke yake, kwa kuwa yeye ndiye anayeleta pesa ya mboga na ndiye mpenda chai. Alisikiliza kimya. Nikiwa mlangoni navaa viatu, nikamwona akiitoa ile pakiti kwenye droo na kuiweka juu ya mtungi wa maji ya kunywa, karibu na kitanda.